Reli zimejikunja juu ya meza: lawama ni ya kiunzi, ya tuta au ya reli yenyewe?

#1 Mwendo Pole
Wadau wa reli ndogo za mfano, habari zenu. Nina swali, na naomba wenye uzoefu wanisaidie kabla sijabomoa chochote.

Njia yangu ni ya skeli ya HO (1:87, milimita 16.5 kati ya reli na reli). Inafuata ukuta mmoja kwa mita sita, mnyoofu mtupu, halafu inakata kona kuingia stesheni. Kiunzi ni fremu za mbao laini zenye vipingo kila sentimita 40. Juu ya fremu kuna plaiwudi ya milimita 12, juu yake tuta la koki (ile ya vizibo vya chupa), kisha reli. Mataruma nimeyapigilia misumari midogo, na kokoto nimezishika kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Viungo vyote vya mnyoofu nimevilehemu kwa risasi ili umeme usikatike njiani.

Msimu wa mvua treni zilipita bila tatizo. Ukavu ulipokolea, mambo matatu yakatokea. Katikati ya mnyoofu mataruma yameng'oka kwenye kokoto na njia imepinda ubavuni. Kando ya swichi ya stesheni (pale njia inapogawanyika mbili) reli zimeinuka. Na pale plaiwudi mbili zinapokutana pana kinundu, mabehewa mepesi yakifika hapo yanaachana.

Je, ni tatizo moja lenye sura tatu, au ni matatizo matatu? Nianzie chini au juu?

#2 Kokoto
Joto, mkuu, usitafute mchawi. Reli zetu ni aloi ya shaba, nikeli na zinki. Kila mita hurefuka karibu milimita 0.0165 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mita 6 zikipanda nyuzi 15 unapata kama milimita 1.5. Kwa kuwa umelehemu kila kiungo, urefu huo hauna pa kwenda, utatokea tu pale njia iliposhikwa kwa udhaifu. Acha viungo vingine bila risasi, kila baada ya mita mbili hivi, na kila kipande kipewe waya wake wa umeme kutoka chini ya meza. Kwisha.

#3 Msasa Namba 80
Milimita moja na nusu kwenye mita sita ing'oe mataruma yaliyopigiliwa misumari na kugandishwa kwa gundi? Hapo sijashawishika.

#4 Kokoto
Msasa, shika karatasi. Chukua mita moja iliyobanwa ncha zote mbili, iongezee milimita moja tu. Gawa katikati upate pembetatu mbili: msingi 500, ubavu mrefu 500.5. Kwa kanuni ya Pythagoras kimo kinatoka milimita 22. Urefu kidogo sana unazaa mpindo mkubwa sana, ndiyo maana reli ikishindwa mahali pamoja inaonekana imeharibika vibaya kuliko ilivyo.

#5 Bi Pimamaji
Kokoto, pembetatu inazidisha kidogo. Reli haikunjiki kama karatasi, inajipinda kwa upinde, na kwa upinde unapata kama milimita 19. Hoja yako inasimama hata hivyo.

Nisipokubaliana nawe ni kwenye chanzo. Msome tena mleta uzi: kataja mvua na ukavu, joto hakulitaja popote. Mbao inavuta unyevu wa hewa na kuutoa. Kwa upana inajaa na kusinyaa waziwazi, kila aliyewahi kuhangaika na droo inayogoma siku za mvua analijua hili. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi za mbao, inasinyaa kidogo mno: kutoka mbao iliyolowa chepechepe hadi iliyokaushwa kabisa kwenye tanuri ni kama asilimia 0.1 hadi 0.2 tu. Ndani ya nyumba mbao haisafiri safari yote hiyo. Tuseme inasafiri sehemu moja ya tano. Kwa mita 6 unapata milimita 1.2 hadi 2.4.

Linganisha na 1.5 ya Kokoto. Ni kiasi kilekile. Reli haikurefuka, meza ndiyo iliyofupika chini yake.

#6 Msasa Namba 80
Kwa hiyo mmoja anasema reli imekua na mwingine anasema meza imepungua, na yote mawili hutokea siku zilezile za jua kali. Mtaamuaje?

#7 Fremu Wazi
Mimi nataka kwanza kujua meza ilivyofungwa, maana nadharia bila vipimo vya kiunzi ni maneno tu. Mwendo Pole, nijibu haya:

Mbao zilikuwa kavu ulipozikata? Ulipaka vanishi au rangi, na kama ulipaka, ulifika hadi chini na kwenye ncha zilizokatwa? Maana ncha ndizo zinazonywa unyevu haraka kuliko sehemu nyingine yoyote. Plaiwudi zako zimebanana kingo kwa kingo au uliacha nafasi? Na kiungo cha plaiwudi kimeangukia juu ya kipingo au kati ya vipingo?

Bi Pimamaji, kumbuka pia plaiwudi siyo mbao ya kawaida. Matabaka yake yamepishanishwa, moja kwa urefu na jingine kwa upana, kwa hiyo kila tabaka linamzuia mwenzake. Inacheza kidogo pande zote mbili. Kinachovuta hapo ni fremu iliyo chini yake.

#8 Mwendo Pole
Asante Fremu Wazi. Mbao zilikuwa kavu kwa kushika, kipimo cha unyevu sina. Hazina vanishi wala rangi. Plaiwudi zimekutana kingo kwa kingo, kiungo kiko kati ya vipingo viwili, na chini yake kuna kiraka cha plaiwudi kilichofungwa kwa skrubu bila gundi.

#9 Foamu Daima
Ndiyo maana nasema kila siku: achaneni na mbao juu ya meza. Ubao wa foamu gumu la kuzuia joto, ule uliobanwa, unene wa sentimita 5, hauvuti unyevu, ni mwepesi, na unakatika kwa kisu kirefu au waya wa moto. Ukitaka mto au bonde unachimba kwenda chini, wakati wenye plaiwudi wanaweza kujenga kwenda juu tu. Wenye N (1:160) wanalaza foamu juu ya mlango wenye uwazi ndani, wanaweka miguu, kiunzi kimekwisha.

Angalizo moja: msitumie gundi yenye kiyeyushio kikali, inalila foamu mpaka kunabaki shimo.

#10 Bi Pimamaji
Foamu Daima, kwa unyevu uko sahihi. Kwa joto, hapana. Foamu hilo hurefuka karibu milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, zaidi ya mara nne ya reli. Mita 6 kwa nyuzi 15 ni milimita 6 na kitu. Likigandishwa kwenye mbao halipati nafasi ya kwenda kote huko, lakini usilitangaze kwamba halichezi.

Pia linapiga kelele. Gandisha reli moja kwa moja juu ya foamu, halafu sikiliza treni ikipita.

#11 Foamu Daima
Namba nazikubali, dada. Ila foamu ni laini, na hapo ndipo mnapopitwa. Mimi sipigi msumari hata mmoja. Koki naibandika juu ya foamu kwa gundi laini ya akriliki, ile ya kuzibia nyufa, tabaka jembamba kama rangi, na reli juu ya koki kwa gundi hiyohiyo. Ikikauka inabaki na mpira ndani yake. Reli ikitaka kusogea inasogea na kurudi. Mwendo Pole kaweka misumari, kaweka gundi nyeupe ngumu, kaweka risasi. Kitu kimefungwa mara tatu, halafu tunauliza kwa nini kimepasukia pembeni. Kwangu kosa ni la gundi, hata mbao na joto viwe na sehemu yao.

#12 Mzee Parafujo
Salaam wote. Nimesoma kimya mpaka hapa. Mnajadili reli na tuta, mimi nashuka chini zaidi.

Kiunzi kizuri hakipimwi kwa uzito wa mbao. Kinapimwa kwa jinsi unavyoweza kukirekebisha baada ya mandhari kuwekwa juu. Miaka ya 1960 huko Marekani, Linn Westcott, mhariri wa jarida la Model Railroader, aliwafundisha watu boriti ya L, na mpaka leo sijaona mfumo unaoushinda kwa njia ndefu. Unachukua ubao mmoja uliosimama, juu yake unagundisha na kufunga papi lililolala, vinatengeneza herufi L iliyopinduliwa. Boriti mbili za namna hiyo zinakwenda kwa urefu wa meza. Vipingo vinalala juu yake na kufungwa kwa skrubu kutoka chini, kupitia kwenye papi. Juu ya vipingo vinasimama vinguzo, na juu ya vinguzo ndipo inapokaa plaiwudi ya njia, navyo pia skrubu zake zinaingia kutoka chini au ubavuni.

Skrubu zote ziko upande wako unapokaa chini ya meza. Kipingo kikigongana na mota ya swichi unakilegeza, unakisogeza sentimita tatu, unakifunga. Kinguzo kikishuka unakipandisha, milima na nyumba za juu zikiwa zimekaa palepale. Kwenye fremu ya kupigilia kutoka juu huwezi, skrubu imezikwa chini ya koki.

Na miguu msiiweke kwenye ncha. Iingize ndani karibu sehemu moja ya tano ya urefu wa boriti kila upande. Hapo uzito wa katikati na uzito wa ncha vinasaidiana, boriti inalegea kidogo kuliko ukiiegemeza mwisho kabisa.

Mwendo Pole, swali langu ni moja. Fremu yako umeifunga ukutani?

#13 Mwendo Pole
Shikamoo mzee. Ndiyo, mbao yote ya nyuma imefungwa ukutani kwa skrubu, mbele kuna miguu.

#14 Mzee Parafujo
Marahaba. Basi mbao ya nyuma imeshikwa na ukuta, ya mbele iko huru. Ya mbele ikisinyaa na ya nyuma ikizuiwa, fremu inajisokota. Kinundu chako naanza kukielewa.

#15 Fremu Wazi
Mzee, kila uzi ukiingia lazima tutoke na L mkononi. Lakini hili la ukuta lina uzito, na tena linaipunguza nguvu hoja ya Bi Pimamaji: mbao iliyofungwa ukutani itafupikaje? Ukuta haufupiki. Tukifuata hapo, Kokoto na joto lake wanarudi kwenye mchezo.

#16 Kokoto
Sikuwahi kutoka.

#17 Bi Pimamaji
Skrubu kwenye mbao laini haishiki kama msumari wa daraja. Tundu linapanuka, mbao inasogea sehemu ya milimita hapa na pale, na mabano ya ukutani nayo yanajipinda. Kisha njia yake iko umbali gani kutoka ukutani? Ikiwa iko karibu na ukingo wa mbele, basi imepanda juu ya ile mbao iliyo huru.

#18 Mwendo Pole
Iko mbele, sentimita 15 kutoka ukingoni. Stesheni ndiyo iko nyuma.

#19 Treni ya Usiku
Samahani kuingilia, mimi ni mgeni kwenye fani. Nataka treni ipande kutoka meza ya chini kwenda ya juu kwa njia ya kuzunguka kama ngazi. HO pia. Plaiwudi ipi, na nusu kipenyo kiasi gani?

#20 Papi
Karibu. Anza na hesabu, mbao baadaye. Ukichukua nusu kipenyo cha sentimita 60, mzunguko mmoja ni sentimita 377. Treni ya HO inahitaji kama sentimita 7.5 kutoka juu ya reli hadi chini ya sakafu inayofuata. Ongeza unene wa plaiwudi, reli na tuta, unafika 9 au 10. Sentimita 9 kwa 377 ni mwinuko wa asilimia 2.4. Sentimita 10 ni 2.65. Na hiyo ni kwenye kona muda wote, ambapo magurudumu yanasuguana na reli, kwa hiyo injini itaona mlima mkali kuliko namba inavyosema. Ukipunguza nusu kipenyo hadi 45, ileile 9 inakuwa asilimia 3.2. Ndiyo maana wengi huacha tuta la koki ndani ya ngazi hizo, kila milimita ya unene inakugharimu mwinuko.

Sehemu ngumu kuliko zote ni pale mwanzo na mwisho wa mwinuko. Usiunganishe sakafu bapa na mlima kwa kona kali. Plaiwudi ikikatwa kwa kufuata njia, ikabaki kipande kimoja na sakafu bapa, ukaiinua taratibu kwa vinguzo, inajipinda yenyewe na kukupa mwanzo laini. Ukikata na kuunga hapo, viungio vya mabehewa vitaachana kila safari.

#21 Treni ya Usiku
Asante sana mkuu Papi.

#22 Papi
Nikiwa bado hapa, nirudi kwenye mada ya Mwendo Pole. Sijaona mtu akitaja tuta la mapapi. Unapasua hadibodi au mbao laini kuwa vipande vyembamba, unavisimamisha kwa ukingo juu ya vinguzo na kuvigundisha kimoja baada ya kingine mpaka upana utoshe njia. Kipande chembamba kikipindwa kinakataa kuingia kwenye kona ghafla, kinaanza polepole kisha kinakaza. Mpito wa kutoka mnyoofu kwenda kona unaupata bila kuchora. Ukishagandishwa unakuwa mgumu kwelikweli na hauna viungo kingo kwa kingo, maana unavipishanisha. Kinundu cha plaiwudi hakipo kwenye mfumo huu.

#23 Msasa Namba 80
Na vumbi lake la kupasua je? Na juu yake lazima upige randa na msasa mpaka pawe bapa. Nimeupenda uzuri wake ila kazi yake si ya mchezo.

#24 Fremu Wazi
Papi, hadibodi nayo ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Bi Pimamaji atakuuliza habari za unyevu kabla jua halijazama.

#25 Bi Pimamaji
Nauliza sasa hivi. Kingo zake zilizopasuliwa zinavimba zikilowa. Na kokoto zinamwagiwa nini? Maji na gundi. Hata kwenye plaiwudi ya Mwendo Pole, ule mchanganyiko wa kokoto uliingia kwenye mbao isiyo na vanishi. Tuta na plaiwudi vilijaa maji siku ile, gundi ikagandia humo, kisha vikakauka.

#26 Kokoto
Hii hoja mpya ni ya kwako mwenyewe au ni ile ya mwanzo imevaa kanzu nyingine? Kama kokoto zingekuwa chanzo, reli zingejikunja wiki ileile gundi ilipokauka. Kasema msimu mzima wa mvua zilipita vizuri.

#27 Reli Pacha
Wakuu, mmeisahau swichi. Mwendo Pole kasema reli zimeinuka kando ya swichi, na kwenye mnyoofu zimepinda ubavuni. Kwa nini pawe na tofauti?

Swichi imeshikwa kuliko njia ya kawaida: mota iko chini, fimbo yake inapita kwenye tundu la plaiwudi, na wengi huongeza msumari pembeni. Inakuwa nanga. Mnyoofu wa mita sita unasukuma kutoka upande mmoja, nanga inakataa, na mwisho wa swichi hauna kokoto nyingi za kuzuia kuinuka kwa sababu watu huogopa gundi isiingie kwenye ulimi, ile reli inayosogea. Njia pekee iliyobaki ni juu. Swichi ilazwe bila gundi, viungo vyake vya pande zote tatu visilehemiwe, mwanya mdogo wa unene wa kadi uachwe. Nimefanya hivyo kwenye njia zangu za HO na za N, na sijawahi kuona swichi ikiinuka.

#28 Foamu Daima
Reli Pacha kaongea. Na anaunga mkono yangu: kushika kupita kiasi.

#29 Mwendo Pole
Wakuu, nimefanya jaribio. Nimekata mianya miwili kwa msumeno mwembamba, mmoja karibu na dirisha, mwingine kwenye kona yenye kivuli. Nimeweka kipimajoto na kipima unyevu mezani, na mianya naipima kwa majani ya chuma ya kupimia nafasi.

Wa kivulini: asubuhi moja ya baridi na hewa kavu ulibanwa kuliko siku iliyotangulia. Mvua ilipopita, joto likiwa vilevile, ukapanuka.

Wa dirishani: jua la alasiri likipiga unabana, usiku unafunguka, na unyevu wa chumba haujabadilika sana.

#30 Bi Pimamaji
Baridi na kavu, mwanya ukabana. Kama reli ndiyo inayoendesha mambo, baridi ingeufungua. Ni meza.

#31 Kokoto
Na wa dirishani? Jua linapiga chuma moja kwa moja, chuma kinapata moto kabla mbao haijajua kuna nini. Njia yako ilipinda sehemu gani, Mwendo Pole, kivulini au dirishani?

#32 Mwendo Pole
Katikati yake. Jua linafika hapo kwa muda mfupi tu jioni.

#33 Msasa Namba 80
Basi tumerudi kwenye posti yangu namba 6.

#34 Fremu Wazi
Chanzo mtagombania mpaka mwakani, dawa inaweza kuanza leo kwa sababu haitegemei nani kashinda. Mianya ibaki. Pazia kwenye dirisha. Vanishi kwa plaiwudi na fremu, chini na kwenye ncha pia, ila subirini hewa iwe ya wastani; ukifungia unyevu mwingi ndani unajitafutia kesi nyingine. Swichi kama alivyosema Reli Pacha. Kinundu kipigwe msasa, koki mpya ilazwe, basi.

#35 Mzee Parafujo
Yote sawa isipokuwa la mwisho. Usipige msasa kinundu kabla ya kulegeza kiraka. Plaiwudi mbili zilizobanana kingo zikijaa unyevu zinasukumana kwenda juu. Ukizisawazisha sasa wakati wa ukavu, mvua ikirudi zitajaa tena na utakuwa na bonde upande mmoja na mlima upande wa pili. Legeza skrubu, pitisha msumeno kwenye kiungo upate nafasi ya milimita moja au mbili, weka kiraka kirefu zaidi, kifike sentimita 15 kila upande, ukigundishe na kukifunga kwa skrubu huku umebana kipande kinyoofu cha chuma kwa juu. Msasa uje mwisho kabisa.

#36 Fremu Wazi
Kugundisha kiraka pande zote mbili si ndiko kule kufunga mara tatu alikokukataa Foamu Daima?

#37 Foamu Daima
Hapo chini gundi ruhusa. Juu ndiko nilikokataza.

#38 Mwendo Pole
Mzee, nikigundisha kiraka, ile nafasi ya milimita mbili itafanya kazi gani tena ikiwa plaiwudi zote zimeshikana kwa chini?

#39 Mzee Parafujo
Swali zuri. Piga picha kiraka cha sasa kutoka chini, vipingo vya pande zote mbili vionekane na skrubu zake, uilete hapa. Nikiona nyuzi za juu za plaiwudi zinaelekea wapi nitakuambia ugundishe upande mmoja au yote miwili.